HD Zote si Sawa

Wanafunzi wenzangu, mpiga video za harusi wa Kisauni au Likoni akikwambia kamera yake ni ya HD, usikubali upesi. Muulize: inahifadhi vipi?

HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu. Ni nyingi mno, basi kamera huzibana. Tutazame kanda mbili za zamani. HDV, iliyotangazwa 2003, ilitumia hadi megabiti 25 kwa sekunde, yaani gigabaiti 11 hivi kwa saa. DVCPRO HD ya Panasonic ilitumia hadi 100, yaani gigabaiti 45.

Kwa nini? HDV ilihifadhi picha moja nzima, kisha mabadiliko tu ya zilizofuata. Ukikata katikati, kompyuta sharti izijenge upya. Tena nukta nne ziligawana rangi moja. DVCPRO HD ilihifadhi kila picha peke yake, na nukta mbili tu ziligawana rangi.

Kwa macho, tofauti ni ndogo. Lakini hebu msimamishe bibi harusi mbele ya kitambaa cha kijani, ukitaka aonekane ndani ya feri ya Likoni. Kompyuta humkata kwa kufuata rangi. Rangi ikipungua, ukingo wa shela huota vijimeno, na ukijani hubaki.

Kanda zimepitwa na wakati, ila kamera za kadi zina mambo yayo hayo. Harusi ya kutazama tu, ndogo yatosha. Ya kuunganishwa na picha nyingine, taka rangi nyingi. Harusi hairudiwi, na akiba haiozi.