Usiliache Tope Nje ya Maabara

Anayepima maji ya dimbwi karibu na mialo ya dhahabu Geita akaliacha tope, amepima nusu. Virusi vya kinyesi, kama rota na homa ya ini A, hunata kwenye chembe za udongo na mara nyingi hudumu humo kuliko majini. Mvua ikilitibua tope, huibuka. Maabara huweza kuvibandua kwa supu ya nyama ya ng'ombe yenye alkali (naam, supu), kisha husaka vinasaba vyake kwa kipimo cha PCR. Utasema PCR hunasa hata virusi visivyoambukiza tena. Kweli, ndiyo maana vingine hupandwa kwenye seli hai. Shaka yangu ni nyingine: mboji na metali huweza kuizima PCR, hivyo jibu la “hakuna”, bila sampuli ya kulinganishia, nisingeliamini.