Kura ya Manispaa Isipuuzwe Vijijini

Ukivuka mlima kutoka Bausher, nchini Oman, unaikuta wilaya ya Al Amerat yenye majumba mapya na maduka. Endelea kuelekea Wadi Sareen, nyumba zinapungua, majabali yanakaribia barabara, na mvua kubwa ikinyesha, maji ya wadi, yaani bonde la mto mkavu, yakishuka hakuna wa kupita. Wenyeji hawajasahau kimbunga Gonu cha 2007.

Kwa watu wa huko, baraza lenye uzito mkubwa katika maisha ya kila siku ni la manispaa. Kila wilaya ya Oman huchagua wajumbe wawili, na kazi yao ni kupeleka mapendekezo juu ya barabara, taa, usafi na mifereji ya maji. Lakini uchaguzi wake wa Desemba 2022 uliwavuta takribani asilimia 39 tu ya waliojiandikisha nchi nzima. Miezi kumi baadaye, uchaguzi wa Baraza la Shura, lile la taifa, uliwavuta kama asilimia 66.

Sababu mojawapo ya watu kutopiga kura ya manispaa naijua kwa kuisikia mara nyingi: “Wale wanapendekeza tu, hawaamui.” Ni kweli. Ila pendekezo lisiloletwa na mtu haliingii hata kwenye ajenda, na mjumbe asiyeulizwa kitu na wapiga kura wake hana la kupeleka. Oman haina vyama vya siasa, kwa hiyo mgombea hana ilani ya chama ya kumbana. Watu humpima kwa ukoo na kabila. Sioni ubaya wa kumjua mtu kwa watu wake, mradi aulizwe pia: kivuko chetu utakisemea lini, na majibu utatuletea vipi?

Kisha kuna kikwazo cha simu. Siku hizi kura hupigwa kwa programu ya Antakhib. Unagusisha kitambulisho nyuma ya simu, unakituliza hadi kisomeke, halafu unapigwa picha ya uso. Kijana anamaliza mara moja. Bibi mwenye simu ya zamani isiyosoma kadi amekwama kabla hajaanza. Kumsaidia ni wajibu wa vijana wa nyumba, lakini jina alichague mwenyewe, na anapochagua, mjukuu atazame pembeni. Kura ni siri hata ndani ya familia.

Tanzania kuna jambo la kuigwa: mkutano mkuu wa kijiji, ambapo kila mkazi mtu mzima ana haki ya kukaa, kusikiliza taarifa ya mapato na matumizi, na kuhoji. Sabla za Al Amerat, yaani kumbi za mikutano ya jamii, zinaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa kumwalika mjumbe mara kwa mara, na akina mama wakaribishwe.

Muhula wa manispaa ni miaka minne, basi kabla ya uchaguzi ujao kila mtu akague amejiandikisha wapi. Familia nyingi, zikiwemo za Waomani wanaozungumza Kiswahili, zimehamia Al Amerat zikitokea wilaya nyingine, na jina la mpiga kura halihami lenyewe. Aliyejiandikisha Matrah atachagua wajumbe wa Matrah hadi aombe kuhamishwa, na ombi hilo lazima lifike kabla daftari halijafungwa.