Sura ya 6: Setilaiti ya Utosini

Ukitembea Kitale au Bungoma na kuinua macho juu ya mabati, utaona madishi ya aina mbili. Kuna yaliyolala karibu chali, kama karai lililotegwa mvua, na kuna yaliyosimama yakitazama magharibi, upande wa Uganda. Mgeni huweza kudhani yale ya kwanza yamelegea nati na kuanguka. Hayajaanguka. Yanatazama pale yanapotakiwa kutazama, na ukishaelewa kwa nini yamelala hivyo, umemaliza nusu ya kazi ya kujifungia dishi nyumbani.

Setilaiti za televisheni hukaa juu ya ikweta, kwenye kimo cha kilomita 35,786. Katika kimo hicho chombo huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hutumia kujizungusha, yaani saa 23 na dakika 56. Ndiyo maana kwetu sisi wa chini huonekana kimesimama palepale, usiku na mchana. Mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke aliieleza fikra hiyo mwaka 1945, na Kenya ikaanza kuitumia mwaka 1970 kilipofunguliwa kituo cha Longonot, kwenye Bonde la Ufa, kwa ajili ya simu na mawasiliano ya nchi za nje. Leo kila anayemiliki dekoda ana kituo chake kidogo uani.

Sasa tazama ramani. Kitale ipo nyuzi 1 kaskazini ya ikweta na nyuzi 35 mashariki. Bungoma ipo zaidi kidogo ya nusu nyuzi kaskazini, na nyuzi 34.6 mashariki. Matangazo ya DStv yanayotufikia hutoka nyuzi 36 mashariki, ilipo Eutelsat 36D, iliyorushwa Machi 2024 kuchukua nafasi ya 36B ya mwaka 2009. Nukta iliyo chini yake kabisa ni karibu na Mogotio, pale barabara ya kutoka Nakuru kwenda Marigat inapokata ikweta. Setilaiti inayokuletea mpira wa jioni imesimama juu ya Baringo! Kutoka Kitale au Bungoma inaonekana nyuzi 88 juu ya upeo wa macho, yaani nyuzi 2 tu pungufu ya wima kamili. Ipo pale linapokuwa jua la utosini.

Azam TV hutumia Eutelsat 7C, iliyorushwa mwaka 2019, ambayo ipo nyuzi 7 mashariki, karibu na kisiwa cha São Tomé katika Ghuba ya Guinea. Kwa sababu São Tomé iko mbali magharibi, setilaiti hiyo tunaiona chini zaidi, kwenye nyuzi 57 ukiwa Kitale na nyuzi 58 ukiwa Bungoma, upande ambao jua huzama.

Maelekezo mengi yanayopatikana madukani na ndani ya maboksi humfikiria mtu anayeishi mbali na ikweta. Mkazi wa London huitafuta setilaiti yake nyuzi 25 hivi juu ya upeo, kwa hiyo huambiwa ainue dishi kiasi fulani, kisha alizungushe polepole kushoto na kulia mpaka picha itokee. Ushauri huo unamfaa yeye, na unamfaa anayefunga Azam kwetu. Kwa DStv katika nchi yetu ya magharibi, ushauri huo unapotosha, na watu wengi hupoteza siku nzima wakiufuata.

Dishi la sentimita 90 huona kipande cha anga chenye upana wa takriban nyuzi 2. Likiwa limeelekezwa nyuzi 88 kwenda juu, ukilizungusha kwenye paipu yake linachora duara dogo sana kuzunguka utosi. Ukikosea mwelekeo kwa nyuzi 30 nzima, jicho la dishi husogea angani kwa chini ya nyuzi 1, na huenda bado ukapata picha. Lakini ukikosea mwinamo kwa nyuzi 2 tu, umeikosa setilaiti kabisa, na unaweza kuzunguka nalo mpaka jioni bila kuona kitu. Kwa hiyo hapa kwetu kanuni inageuka. Mwinamo ndio wenye ukali, na mwelekeo husamehe. Anayelijua hili huweka nguvu yake kwenye paipu iliyosimama wima na kwenye kipimo cha mwinamo, halafu huridhika na mwelekeo wa kukadiria.

Mwelekeo wenyewe ni rahisi, kwani setilaiti hutafutwa upande wa ile nukta iliyo chini yake. Mkazi wa Kitale aelekeze dishi Mogotio, kusini-mashariki, kati ya Eldoret na milima ya Cherangani. Kwa dira, hiyo ni nyuzi 136. Mkazi wa Bungoma ataelekea mashariki zaidi, nyuzi 112, kati ya Webuye na Kakamega. Miji hii inatengana kwa kilomita 70 hivi kwa mstari wa ndege, lakini dira inatofautiana kwa nyuzi 24. Ndiyo sababu namba uliyopewa na binamu wa mji mwingine haifai kunakiliwa. Kwa Azam hakuna shida hiyo: wa Kitale atatumia nyuzi 268, wa Bungoma nyuzi 269, karibu magharibi kamili. Unaposoma dira, simama mbali na mabati na paipu, maana chuma huivuta sindano.

Mwinamo unahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa dishi la nyumbani halipokei kutoka pale linapoonekana kutazama. LNB, kile kichwa kidogo kilichoshikwa na mkono wa mbele, imewekwa chini ili isilikinge dishi, na umbo la dishi limekatwa kufuatana na hilo. Matokeo yake ni kwamba dishi hupokea kutoka juu zaidi ya uso wake, kwa nyuzi 23 hadi 26 kutegemea lilivyotengenezwa. Unaweza kujua kiasi cha dishi lako mwenyewe. Lipime upana na urefu kwa futi ya fundi, kisha gawanya upana kwa urefu. Dishi lenye upana wa sentimita 80 na urefu wa 88 litakupa 0.909, na kikokotoo cha simu kitakuambia kwamba kosaini hiyo ni ya pembe ya nyuzi 24.6. Basi ili kupokea kutoka nyuzi 88, uso wa dishi hilo uinuke nyuzi 64 hivi. Kwa Azam uinuke nyuzi 33 tu, na ndiyo maana dishi la Azam linaonekana limesimama.

Usitegemee namba zilizochongwa kwenye kishikizo cha nyuma. Mara nyingi haziaminiki, na katika vishikizo vingine huishia kabla ya kufika nyuzi tunazozihitaji sisi. Tumia pima maji na futi. Kwa dishi lile la urefu wa sentimita 88, ukingo wa juu uwe juu ya ukingo wa chini kwa sentimita 39 ukifunga DStv, na kwa sentimita 74 ukifunga Azam. Laza ubao ulionyooka kutoka ukingo wa juu, hakikisha kwa pima maji kwamba umelala sawa, kisha pima kutoka kwenye ubao kwenda chini hadi usawa wa ukingo wa chini. Kwa DStv kosa la sentimita 1 na nusu hapo ni kosa la nyuzi 1 angani. Hakuna mita ya bei kubwa itakayokupa mwanzo mzuri kuliko huo.

Kishikizo kikigoma kufika, jambo linalotokea sana kwa setilaiti ya utosini, mafundi huinamisha paipu yenyewe au hulifunga dishi likiwa limegeuzwa. Njia zote mbili zinafanya kazi. Ila paipu iliyoinamishwa inaharibu hesabu ya mwelekeo, kwa hiyo mimi ningetafuta kishikizo chenye nafasi ndefu kabla ya kugusa paipu iliyokwisha kushika saruji.

Kuna faida moja ya utosi ambayo watu hawaitumii. Kwa kuwa DStv inatoka juu moja kwa moja, hakuna haja ya kupanda paa. Paipu fupi iliyosimikwa kwa zege uani inatosha, mradi hakuna tawi juu yake, nawe unafanya kazi ukiwa umesimama ardhini. Mabati ya Kitale asubuhi yenye umande yanateleza vibaya, na sioni sababu ya mtu kuhatarisha mgongo wake kwa kitu kinachoweza kukaa kando ya kisima. Kwa Azam itakubidi ufikirie miti ya magharibi, lakini si sana. Mkaratusi ulio mita 10 juu ya dishi utazuia tu ukiwa ndani ya mita 6 na nusu.

Mlima Elgon hauzuii chochote. Wengi Kitale huulaumu, labda kwa kumbukumbu ya antena za zamani, ambazo hutegemea minara ya ardhini na kweli hukwama nyuma ya vilima. Kilele chake kina mita 4,321, lakini kutoka Kitale, iliyopo kwenye mita 1,900 hivi, kilele hicho hakifikii nyuzi 3 juu ya upeo. Mawimbi ya Azam yanapita nyuzi 57, juu sana ya theluji yoyote inayoweza kuanguka pale.

Sehemu inayowashinda wengi ni kuizungusha LNB yenyewe ndani ya kishikizo chake. Mawimbi hutumwa kwa mitikisiko miwili, ya wima na ya mlalo, ili masafa yaleyale yabebe vituo mara mbili. Dekoda hupeleka volti 13 ikitaka ya wima na volti 18 ikitaka ya mlalo. Lakini wima na mlalo hupimwa kule juu, kwa kufuata ikweta, si kwa kufuata ardhi ya kwako. Wimbi la mlalo limelala sambamba na ikweta. Mkazi wa kaskazini ya mbali anayetazama kusini huliona limelala kweli. Wewe uliye karibu na ikweta yenyewe, ukitazama magharibi, mstari wa ikweta unapanda mbele yako kutoka ardhini hadi utosini, na wimbi la mlalo linakufikia limesimama. Kwa hiyo LNB ya Azam hugeuzwa karibu robo duara, nyuzi 88, kutoka alama ya 0. Kwa DStv, dishi likielekezwa Mogotio, LNB hugeuzwa nyuzi 44 Kitale na nyuzi 68 Bungoma, kinyume cha mwendo wa saa ukiwa umesimama nyuma ya dishi ukitazama angani. Na kumbuka kwamba chini ya utosi kila ukilizungusha dishi kwenye paipu, LNB inazunguka nalo kwa kiasi kilekile. Yule aliyesamehewa nyuzi 30 za mwelekeo anapaswa kuzirudisha hapa. Asipozirudisha, ataona vituo vingine vinashika na vingine havipo, naye atalaumu dekoda.

Kabla ya kuunganisha kebo, zima dekoda. Uzi mmoja wa wavu wa nje wa kebo ukigusa waya wa kati ndani ya konekta, umeme mdogo unaopanda kwenda LNB unakatika na hakuna kitakachoonekana. Ukishawasha, fungua ukurasa wa signali. Kuna mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Mstari wa nguvu hupanda hata kwa kelele tupu, kwa hiyo usiufurahie. Tazama ubora. Sogeza dishi kidogo sana, ngoja dekoda isome kwa sekunde chache, halafu sogeza tena. Haraka ndiyo humfanya mtu aivuke setilaiti bila kujua. Ukiipata, endelea mpaka ubora uanze kushuka, rudi upande wa pili mpaka ushuke tena, kisha kaa katikati. Fanya hivyo kwa mwinamo, kwa mwelekeo, na mwisho kwa LNB.

Mara mbili kwa mwaka anga lenyewe hukukagulia kazi. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua hupita nyuma ya setilaiti. Kwa DStv hilo hutokea kati ya saa sita na nusu na saa saba kasorobo mchana, na kwa Azam kati ya saa tisa kasorobo na saa tisa. Picha hukatika kwa dakika chache, siku kadhaa mfululizo, kisha hurudi. Usiguse nati siku hizo. Badala yake tazama mwanga wa jua unaorudishwa na dishi: ukikusanyika kwenye LNB wakati picha inapokatika, dishi limeelekezwa sawasawa. Mwaka mwingine, dishi likisukumwa na ng'ombe au upepo, mwanga huo utakuonyesha pa kulirudisha.

Mvua nayo hukata picha, maana masafa haya ya gigahezi 10.7 hadi 12.75 hunywewa na matone. Hapa utosi unatusaidia tena: mawimbi yanayoshuka wima hupita kipande kifupi cha mvua kuliko yanayokuja kwa mshazari. Picha ikipotea kwa wingu la kawaida la alasiri, ubora wako ulikuwa mdogo tangu mwanzo, na suluhisho ni kuelekeza upya, si kununua dishi kubwa. Radi ni jambo zito zaidi, kwani bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Funga waya mnene wa shaba kutoka kwenye paipu hadi fimbo iliyopigiliwa ardhini, na ngurumo zikikaribia chomoa dekoda kwenye umeme na kwenye kebo pia, kabla hazijafika.

Kaza nati kwa zamu, kila moja kidogo, ukitazama mstari wa ubora, kwa sababu kukaza upande mmoja mpaka mwisho huvuta dishi pembeni. Chora mstari wa rangi unaovuka kishikizo na paipu. Zungushia konekta ya nje utepe wa mpira, na acha kebo ining'inie kidogo chini ya tundu la ukutani kabla ya kuingia ndani, ili maji yadondoke pale chini yasifuate waya hadi kwenye dekoda.