Ua la Buluu Mlangoni mwa Msikiti

Familia za Kiislamu zilizohama Afrika Mashariki na kufanya makazi California huyakuta majira yaliyogeuka: mvua hunyesha wakati wa baridi, kiangazi hupita kikavu. Sisi wa kamati ya msikiti hatukulizingatia hilo. Tulipanda nemofila mwezi wa Aprili, na jua likaiunguza kabla haijachanua.

Nemofila ni mmea wa asili wa huko, wa msimu mmoja, usiozidi sentimita 30 kwa urefu. Maua yake ni ya rangi ya mbingu, na kitovu chake ni cheupe. Wakati wake wa kupandwa ni Oktoba au Novemba, miezi ile ile ya vuli ya kwetu. Udongo hulainishwa kwa reki, mbegu zikatawanywa pale pale zitakapokua, kwa kuwa miche haipendi kuhamishwa, kisha zikafunikwa kwa udongo haba. Mvua ikichelewa, hunyunyiziwa maji. Konokono huila miche ikiwa michanga, na watoto wetu wa madrasa waliwaokota kwa furaha kuliko walivyohudhuria darasa la nahau.

Tulipopanda kwa wakati wake, Idi al-Fitri ya Aprili 2024 ilikuta mlango umezungukwa na buluu, nyuki wakila humo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kinacholiwa na kiumbe katika alichokipanda Muislamu huandikwa sadaka, nasi tulifurahi kwa hilo.

Mwezi wa Mei mimea ilikauka. Tukaona haya kwa wageni wa Ijumaa, tukaing'oa yote na kuitupa. Mzee mmoja aliyezoea kuketi hapo baada ya Alasiri akauliza, "Wanangu, mbegu mmeziweka wapi?" Hatukuwa na jibu. Mmea huu hufa kila mwaka, na uhai wake wa mwaka ujao umo katika vile vikonyo vikavu tulivyovionea haya. Idi ya 2025 watoto waliulizia maua yao, nasi tukawaonyesha udongo mtupu.

Vuli iliyofuata tulinunua mbegu upya. Safari hii mimea iliyokauka tumeizungushia kamba, na ibaki hapo hata kama baadhi ya waumini wananung'unika. Vikonyo vikipasuka, watoto watazikung'utia mbegu nusu ardhini, nusu katika bahasha za kila nyumba. Bahasha ya kwanza wameshamwekea yule mzee.