Swali Moja kwa Kijana wa Miaka 16

Katika mpira wa Kimarekani mengi huamuliwa mpira ukiwa umesimama. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, inapata mengine 4. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwenye mechi za sekondari hapa Ohio, jaribio likiisha tu saa inaanza kuhesabu sekunde 40. Ndani ya muda huo kocha achague mbinu, aitume uwanjani, vijana 11 wajipange, na mmoja wao, kwotabeki, awatazame wapinzani 11 wanaotaka kumwangusha, kisha auitishe mpira.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Columbus. Ijumaa usiku, msimu ukifika, nashika mnyororo: fimbo mbili zilizounganishwa kwa mnyororo wa yadi 10, zinazowaonyesha waamuzi timu ilipoanzia na inapotakiwa kufika. Ni kazi ya kujitolea, na anayeifanya haruhusiwi kushangilia upande wowote. Katika uwanja wetu tunasimama upande wa benchi la wageni, kwa hiyo kila wiki nawasikia makocha wapya wakiita mbinu zao, na nawaona makwotabeki wao kwa karibu.

Wengi wao huvaa mkanda mkononi, wenye kikaratasi kilichofunikwa kwa plastiki. Kocha anataja namba, kijana anafunua, anautafuta mstari wenye namba hiyo na kuwasomea wenzake. Nimeona vikaratasi vilivyojaa maandishi madogo hadi kijana anauinua mkono usoni ili apate mwanga wa taa. Anapomaliza kusoma, beki wa kati wa wapinzani amekwisha kusogea hatua mbili kulia, na yeye hakumwona. Linaniuma sana jambo hili. Kocha amempa mtoto mbinu nzuri, ila amemnyima nafasi ya kuinua macho.

Tabia ya kuamua kila kitu kutoka pembeni ina mizizi humu humu jimboni. Zamani kwotabeki ndiye aliyekuwa akichagua mbinu mwenyewe. Paul Brown, aliyewahi kuwa kwotabeki na baadaye kocha wa shule ya sekondari ya Massillon, alipokuwa akiifundisha Cleveland Browns, aliyoanza nayo mwaka 1946, alitumia wachezaji wa kupokezana kama matarishi: mmoja anaingia na mbinu, mwingine anatoka kwenda kuchukua inayofuata. Mwaka 1956 alijaribu hata kuweka redio ndani ya kofia ya kwotabeki, na ligi ikaipiga marufuku msimu uo huo. Brown alishinda mataji mengi akiita mbinu kutoka pembeni, na heshima yake ameistahili. Lakini wachezaji wake walikuwa watu wazima, na mpira ulikuwa kazi yao. Kijana ninayemtazama mimi amefanya mtihani wa hesabu asubuhi.

Kwa maoni yangu, mbinu inayomfaa kijana huyu inamwachia swali moja tu, na jibu la swali hilo liwe mbele ya macho yake.

Mfano bora ninaoujua ni shule ya De La Salle, mji wa Concord, California. Kuanzia 1992 hadi 2004, chini ya kocha Bob Ladouceur, ilishinda mechi 151 mfululizo ikitumia mfumo wa zamani uitwao viya. Kwotabeki anasimama nyuma tu ya mpira, na nyuma yake wako wakimbiaji wawili, kushoto na kulia. Mpira ukianza, watu wa mstari wa mbele wanamwacha beki mmoja makusudi, bila kumzuia. Huyo ndiye wa kusomwa. Kwotabeki anauingiza mpira tumboni mwa mkimbiaji wa kwanza bila kuuachia, macho yote kwa yule beki. Beki akibaki nje, mpira unaachiwa na mkimbiaji anapenya katikati. Beki akimvamia mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa na kukata kwenda nje. Huko anamkuta beki wa pili ambaye naye hakuzuiwa. Huyo akimjia, anamrushia mpira mkimbiaji wa pili anayekwenda sambamba naye. Asipomjia, anakimbia nao mwenyewe.

Hesabu yake ni hii. Ukimtoa mwenye mpira na kwotabeki aliyempa, timu inabaki na watu 9 wa kuzuia mabeki 11. Hawatoshi. Beki anayesomwa hahitaji mtu wa kumzuia, maana lolote atakalofanya mpira utakwenda pale alipoondoka. Kwa hiyo jicho la kijana mmoja linafanya kazi ya mzuiaji ambaye timu haina. Maswali ni mawili, lakini yanakuja moja baada ya jingine, na yote yameisha ndani ya sekunde mbili au tatu. Timu iliyoukatisha mlolongo ule, Bellevue ya jimbo la Washington, ilishinda 39 kwa 20 mnamo Septemba 2004, nayo pia ilitumia mfumo mkongwe wa kukimbia na mpira, wenye mbinu chache zilizorudiwa mpaka zikaingia mwilini.

Kurusha mpira ni kugumu zaidi, na sababu mojawapo ni uwanja wenyewe. Una upana wa yadi 53 na kitu, na kwa sheria za sekondari mpira ulioishia pembeni huwekwa kwenye alama zinazougawa upana huo sehemu tatu sawa. Mpira ukiwa kwenye alama ya kushoto, kulia kumebaki yadi 35 hivi. Mkono wa kijana wa miaka 16 unaotupa mpira hadi ukingo wa mbali unampa beki muda wa kufika. Kocha anayelijua hili hukimbizia mpira upande mpana, na upande mwembamba huita pasi fupi za haraka.

Siku hizi zimeenea mbinu za kukimbia-au-kurusha. Mstari wa mbele unazuia kana kwamba ni mbio, na kwotabeki anamsoma beki mmoja wa kati: akija mbele, mpira unarushwa nyuma yake, akibaki, mkimbiaji anapewa. Watu wa mstari hawaruhusiwi kuvuka zaidi ya yadi 2 kabla pasi haijatoka, kwa hiyo jibu lazima lije mara moja. Hili nalo ni swali moja.

Yupo pia Kevin Kelley, aliyekuwa kocha wa Pulaski Academy, Little Rock, Arkansas, na kushinda mataji 9 ya jimbo. Makocha wengine jaribio la nne likifika hupiga mpira teke mbali na kuukabidhi kwa wapinzani. Yeye aliacha karibu kabisa kufanya hivyo. Wengi humsifu kwa ujasiri. Mimi naona faida kubwa zaidi kwa kwotabeki: zikibaki yadi 7 katika jaribio la tatu, halazimiki kulazimisha pasi ya yadi 7. Achukue 4 zilizo wazi, ana nafasi nyingine.

Msimu uliopita walikuja wageni ambao kocha wao sikuwa nimewahi kumwona. Kwotabeki wake alitupa pasi ikakatwa, akarudi benchi ameinamisha kichwa. Kocha akamuuliza, kwa sauti ya kawaida, “Uliona nini?” Kijana akasema beki wa kati alikuwa anakuja mbele kila mara, ila pembeni kulikuwa na mwingine aliyejificha nyuma ya mwamuzi. Kocha akaandika kitu. Walipoupata mpira tena aliita mbinu ile ile, mpokeaji akianzia upande wa pili. Beki wa kati akaja mbele, pasi ikapita juu ya kichwa chake, ikafika kifuani mwa mpokeaji, ikadondoka. Jukwaa la wageni likaguna. Kocha akapiga makofi, akamwelekezea kijana wake kidole cha sifa kwa sababu alikuwa amechagua sawasawa, na kwenye jaribio la nne akaiita tena.