Mashaka Ni Silaha: Jinsi Utawala Unavyogawanya Raia

Leo tunazungumza juu ya neno moja linaloua watu: «mchongezi».

Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Zaire. Mwaka 1967 Mobutu alianzisha chama cha MPR, na katiba ya mwaka 1974 ilifanya kila mzaire awe mwanachama tangu kuzaliwa. Katika mitaa, vyuo na viwanda, MPR na vijana wake wa JMPR walisikiliza watu wanasema nini. Juu yao kulikuwa idara ya upelelezi. Iliitwa CND, kisha AND, na mwaka 1990 ikaitwa SNIP. Majina yalibadilika, kazi ikabaki ileile.

Kazi hiyo haikuwa kusikiliza tu, ilikuwa pia kuvunja. Tarehe 1 Novemba 1980, wabunge 13, Étienne Tshisekedi akiwa mmoja wao, walimwandikia Mobutu barua ndefu ya kulaumu utawala wake. Walikamatwa. Mwaka 1982 wao na wenzao waliunda chama cha UDPS, ambacho sheria haikukiruhusu. Wengine walifungwa, wengine wakahamishwa kwa nguvu mpaka vijiji vya asili, mbali na wafuasi wao. Mwaka 1987 baadhi ya waanzilishi walirudi MPR na kupewa vyeo. Tangu hapo waliobaki walianza kuulizana: nani amenunuliwa? Nani atafuata?

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo penye siri. Serikali haiwezi kuweka mpelelezi katika kila nyumba. Lakini watu wakiamini kwamba yuko katika kila nyumba, wataogopana wenyewe. Baba atanyamaza mbele ya mtoto, na jirani atamkimbia jirani.

Tazameni chuo kikuu cha Lubumbashi. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mwezi wa Mei, wanafunzi waliwakamata wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi na kuwapiga. Mashaka yaliangukia hasa wanafunzi wa Équateur, jimbo la Mobutu. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 12, watu wenye silaha waliingia chuoni na kuwashambulia wanafunzi. Mpaka leo watu hawapatani juu ya hesabu ya waliokufa. Kwanza kijana alimpiga kijana, kisha wenye nguvu wakawapiga vijana.

Je, wachongezi hawakuwako? Walikuwako kweli. Lakini neno hilo halikuuliza ushahidi. Liliuliza tu: unatoka wapi?

Zaire haiko tena, na tangu mwaka 1997 idara ya upelelezi inaitwa ANR. Lakini neno bado linatembea. Anayefika usiku kutoka upande wa pili wa vita anaitwa mtu wa serikali; anayefika mchana anaitwa mtu wa waasi. Wote wawili walikimbia risasi zilezile.

Machefu na wakubwa wa makambi, mtu akiletwa kwenu kwa neno hilo, ulizeni: nani aliona? Aliona nini? Siku gani? Asiyeweza kujibu, msipokee neno lake. Msisome majina mbele ya watu, wala msiache vijana waandike orodha. Msikilizeni anayeshitakiwa, mbele ya wazee wa pande zote. Na mikutano yenu iwe wazi: jambo lililosemwa mbele ya wote halina cha kuuzwa.

Tunapenda kusema: kikulacho ki nguoni mwako. Ni kweli. Lakini anayetupa nguo zote kwa kuogopa chawa mmoja atalala uchi, na baridi ndiyo itakayomuua.

Tulindane, wapenzi wasikilizaji. Kwaherini.