Ajira ya kijani vyuoni isiishie kwenye karatasi

Naishi Isiolo, na mara kadhaa nimeomba kazi katika vyuo vikuu. Chuo kimoja kilitaka nakala kumi za barua, wasifu na vyeti. Tupige hesabu: kurasa 25 mara kumi ni karatasi 250, yaani nusu rimu kwa mwombaji mmoja. Wakiomba watu 100, zimekwenda rimu 50, na anayeajiriwa ni mmoja.

Ukiitwa kwa mahojiano Mombasa, kutoka huku ni zaidi ya kilomita 700 kwa basi kupitia Nairobi. Nauli hiyo huitoa mtu ambaye bado hana kazi.

Hapo ndipo linapokuja suala la ajira ya kijani. Hatua yake ya kwanza ni nyepesi: maombi yatumwe kwa mtandao, mchujo wa awali ufanywe kwa simu au video, na vyeti halisi vikaguliwe kwa waliofika mwisho tu. Lakini haki izingatiwe. Kijana wa Merti au Kiunga asiye na intaneti ya uhakika aruhusiwe kuwasilisha nakala moja katika ofisi ya serikali iliyo karibu naye. Tusiokoe miti kwa kumfungia mlango maskini.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito, nayo ni kumchagua mtu kwa kuangalia pia atakavyotunza mazingira kazini. Fundi wa maabara aulizwe atamwaga wapi kemikali zilizotumika. Msimamizi wa jikoni aulizwe atapunguzaje kuni. Mhadhiri aulizwe somo lake linagusa vipi ukame unaomaliza mifugo huku kwetu, au bahari inayokula fukwe huko Pwani.

Je, hilo huinua utendakazi? Wataalamu wa usimamizi husema kazi nzuri husimama juu ya mambo matatu: uwezo, ari na nafasi ya kutenda. Usaili mzuri huleta uwezo na ari, lakini nafasi hutolewa na mwajiri. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka mtambo wa umeme wa jua wa kilowati 600 mwaka 2014. Mtambo kama huo unahitaji fundi anayeujua, na fundi naye anahitaji vifaa na bajeti. Ukimwajiri mpenda mazingira kisha ukamnyima vyote viwili, atakata tamaa kama mwingine yeyote.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka taasisi za umma za serikali kuu ziwe na kitengo cha suala hilo, chenye wafanyakazi wa kutosha na afisa mwandamizi wa kukiongoza.

Kwa hivyo naviomba vyuo vyetu, kuanzia Pwani hadi huku bara, viandike jukumu la mazingira ndani ya tangazo la kazi, kisha vilipime kila mwaka kwa vitu vinavyohesabika: bili ya umeme, maji, kuni na karatasi. Samaki mkunje angali mbichi. Mfanyakazi akishazoea ubadhirifu miaka kumi, semina ya siku mbili haitamgeuza.